Kinga ya kwendea kazini: ichague vizuri, kisha ipime na mwili wako

Kwa miaka miwili goti langu la kulia liliwaka moto kila nilipopanda kinga, ndilo jina letu la baiskeli hapa Lubumbashi. Nilikuwa natoka Katuba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, napita mtaa wetu uitwao Kenya, napita Kamalondo, naingia mjini kwenye farmasi ninakofanya kazi, na nikishuka nilikuwa nachechemea. Nilidhani ni umri. Yaya, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, alinishauri niiache nipande teksi-basi kama watu wengine.

Siku moja nilisimama kwa fundi mmoja karibu na soko la Kenya anijazie upepo. Nilipoondoka alinitazama kidogo, kisha akaniita nirudi.

"Mama, hiki kiti ni cha mutoto."

Akachukua spana, akalegeza nati iliyo chini ya kiti, akakivuta juu kiasi cha vidole vinne, akakaza. Hazikupita dakika mbili. Nilipanda kwa woga, maana miguu yangu haikufika tena chini vizuri, na mita mia za kwanza niliyumba. Lakini nilipofika Kamalondo nilihisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi: mapaja ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi, magoti yamepumzika. Baada ya wiki tatu goti lilinyamaza, na halijarudi kulalamika hadi leo.

Kila asubuhi njiani nawaona watu waliokunja magoti karibu yaguse kifua, na jioni nawasikia wakisema kinga inachosha. Inawachosha kwa sababu wanaipanda vilevile ilivyotoka kwa muuzaji. Hakuna anayevaa viatu vya namba yoyote iliyopo dukani, lakini kinga tunaichukua hivyo hivyo. Nataka nieleze jinsi ya kuichagua, halafu jinsi ya kuilinganisha na mwili, na hilo la pili ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Anza na njia yako kabla hujaenda kuangalia kinga yoyote. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200, lakini ni tambarare. Hatuna milima ya Bukavu wala mawe ya volkano ya Goma. Tulicho nacho ni mashimo, vumbi jekundu miezi ya kiangazi, na matope ya rangi hiyohiyo mvua zikishaanza. Kwa kilomita sita au saba za namna hiyo huhitaji giya ishirini na moja. Unahitaji tairi nene, madigadi ya kweli mbele na nyuma, kiti kinachokubeba ukiwa umekaa wima, na usukani unaokuja kwako badala ya wewe kuuinamia. Anayeishi mbali, tuseme Ruashi au kule Kasapa karibu na chuo kikuu, giya chache zitamsaidia siku ya upepo. Lakini kila giya ni kitu kimoja zaidi cha kuzibwa na vumbi.

Kinga utakazokutana nazo ni za aina tatu. Kuna zile nyeusi ndefu za China na India, zenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma, zinazovutwa kwa fimbo za chuma badala ya waya. Ni ngumu, kila fundi anazijua, na vipuri vyake vinauzwa hadi pembeni ya barabara. Ubaya wake ni uzito, na fremu ya kiume ni ndefu mno kwa wengi wetu. Kuna zile zenye matairi ya meno na giya nyingi, zinazofanana na za mashindano ya milimani. Zikiwa mpya na za bei ya chini, mimi sizipendi: springi zake za mbele ni uzito mtupu, na giya zinaanza kuruka kabla mwaka haujaisha. Halafu kuna zilizotumika Ulaya. Hapo ndipo ninapomshauri mtu atafute kwa subira, hasa zile za mjini zenye fremu iliyoshuka katikati, kava ya mnyororo na karia iliyofungwa tangu kiwandani. Yangu ni ya aina hiyo. Muuzaji aliniambia ni ya wanawake. Mimi naona ni ya yeyote anayebeba mzigo nyuma, kwa sababu huwezi kurusha mguu juu ya gunia.

Kabla ya hii nilinunua nyingine, na hasara niliyoipata nayo naisimulia ili isimpate mtu mwingine. Ilikuwa nyeusi, imepakwa rangi upya, inang'aa. Nilipoipeleka kwa fundi yuleyule wa Kenya, hata spana hakushika. Aliinama, akafumba jicho moja, akatazama uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, kutoka ubavuni.

"Mama, hii ilibebaka makala."

Wote mnawajua wabeba makala, yaani mkaa, wanaoingia mjini alfajiri, wakisukuma kinga iliyojaa magunia hadi mtu mwenyewe haonekani. Ni kazi ya kishujaa, na naiheshimu. Lakini kinga iliyofanya kazi hiyo miaka mitatu haifai tena kukupeleka ofisini. Uma unakuwa umerudi nyuma kidogo, mkunjo wake haulingani tena na wa kiwandani, na gurudumu la mbele linasogea karibu na miguu yako. Ukiachia usukani kidogo tu, kinga inataka kwenda kushoto. Ile yangu ilikuwa pia imechomelewa nondo mbili nyuma, chini ya karia, na rangi mpya ndiyo iliyozificha. Niliiuza kwa nusu ya bei, na niliyemuuzia nilimwambia ukweli.

Kwa hiyo ukiangalia kinga iliyotumika, rangi iache. Simama ubavuni utazame uma: mstari wa shingo ya fremu uendelee kushuka kwenye uma bila kuvunjika, na mkunjo wa mbele uanzie chini tu. Pitisha kidole chini ya fremu, pale mabomba yanapokutana na shingo. Ukihisi rangi imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, fremu hiyo imewahi kugonga kitu. Inua mbele, zungusha gurudumu, ulitazame likipita katikati ya breki: likicheza milimita mbili au tatu, fundi atakaza spoki na kulinyoosha, likiruka juu na chini, rimu imekwisha. Kisha lishike gurudumu juu na ulitikise kushoto na kulia. Mtikisiko wenye sauti ya "tok" maana yake gololi za kitovu zimelegea au zimelika. Fanya hivyohivyo kwenye mikono ya pedali. Hatimaye panda, nenda mita hamsini, usikilize. Pesa usiimalize yote kwenye kununua. Bakiza kiasi cha tairi, mpira wa ndani, mnyororo na grisi, kwa sababu kinga iliyotumika itavidai vyote ndani ya mwezi wa kwanza.

Kuhusu ukubwa: kwa fremu yenye bomba la juu lililonyooka, simama katikati yake miguu yote chini, viatu vya kazi mguuni. Kati ya bomba na wewe ibaki nafasi ya sentimita tatu au zaidi. Kama linakugusa, iache, hata kama bei ni tamu.

Sasa twende kwenye kiti. Vaa viatu unavyovaa kazini. Simama mgongo ukiwa ukutani, miguu imeachana kidogo, chukua kitabu chenye jalada gumu, kiweke katikati ya mapaja mgongo wake ukitazama juu, ukipandishe hadi kikukamate vizuri kama kiti kinavyokubeba. Mtu wa nyumbani atie alama ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu. Pima kutoka sakafuni hadi alama. Mimi napata sentimita 76. Zidisha namba yako kwa 0.883. Yangu inakuwa 67, na huo ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ya pedali, pale mikono ya pedali inapozungukia, hadi juu ya kiti, ukifuata bomba la kiti. Siku fundi aliponiita kiti changu kilikuwa kwenye 60, kimezama hadi mwisho.

Ukikosa futi ya kupimia, tumia kisigino. Kaa juu ya kiti huku umeshika ukuta, shusha pedali moja hadi chini kabisa, weka kisigino juu yake. Mguu unyooke sawasawa bila nyonga kuinama upande huo. Ukiweka sasa sehemu pana ya mbele ya wayo, ile iliyo nyuma ya vidole, ambayo ndiyo inayotakiwa kusukuma pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo. Mkunjo huo ndio unaoutafuta. Mwombe mtu akufuate nyuma akutazame: nyonga zako zikipanda na kushuka kama mizani ya sokoni, kiti kimezidi, kishushe nusu sentimita. Kwa jumla, maumivu ya mbele ya goti yanatokana na kiti kilicho chini mno, na ya nyuma ya goti na kiti kilicho juu mno. Usipandishe sentimita saba kwa siku moja kama nilivyofanyiwa mimi. Sentimita moja kila siku mbili, na mwili unazoea bila ugomvi.

Mti wa kiti una mstari mdogo uliochongwa, unaoonyesha mwisho wa kuuvuta. Usiupite. Kama mstari umefutika, hakikisha sentimita saba hivi za mti zimebaki ndani ya bomba, la sivyo bomba litapasuka au mti utavunjika ukiwa juu yake.

Najua kinachowafanya watu wengi waache kiti chini: wanataka kukanyaga ardhi kwa miguu yote wakiwa wamekaa. Mimi pia nilikuwa hivyo, na kwenye njia zetu, ambapo wewa, dereva wa pikipiki ya abiria, anakukata mbele bila kugeuza kichwa, woga huo una sababu. Lakini kusimama hakufanyiki ukiwa juu ya kiti. Unapokaribia kusimama, leta pedali moja chini, hamishia uzito wote juu yake, teleza mbele ushuke kwenye kiti, na mguu wa pili ukanyage chini kinga ikiwa karibu imesimama. Unabaki umesimama kati ya kiti na usukani. Kuondoka ni kinyume chake: pedali moja iwe mbele, juu kidogo ya usawa, ikanyage, na nguvu hiyohiyo ikuinue kwenye kiti. Nilijifunza Jumapili moja asubuhi, njia ikiwa tupu, mara ishirini, thelathini. Jumatatu sikuogopa tena.

Kiti chenyewe kilale sawa kabisa. Weka chupa ya maji iliyojaa nusu juu yake, uone maji yamesimamaje. Pua ikiinama mbele utateleza, na mikono itakubeba hadi vidole vife ganzi. Pua ikipanda itakuumiza pale pasipostahili kuumizwa. Na usidhani kiti laini ndicho kizuri. Kile cha sponji nene kinafurahisha dukani, kisha baada ya nusu saa nyama inazama na mifupa inakutana na plastiki. Kinachohesabika ni upana. Kata karatasi ngumu ya katoni, iweke juu ya ngazi ya sementi, ikalie dakika moja huku umevuta magoti juu, kisha inuka. Utaona mabonde mawili, ni alama za mifupa ya makalio. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi jingine, ongeza sentimita tatu au nne kwa mtu anayekaa wima, na hapo una upana wa kiti chako. Mimi natumia chenye springi mbili nyuma, kwa ajili ya mashimo.

Usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Kwenye kinga za zamani shingo ya usukani inashikwa ndani kwa kabari. Legeza boliti ya juu mizunguko mitatu au minne tu, usiitoe, weka kipande cha ubao juu yake, gonga mara moja kwa nyundo. Kabari inaachia, usukani unapanda. Shingo nayo ina mstari wa mwisho, uheshimu. Kama kinga yako ni ya breki za vyuma, ukipandisha usukani vyuma navyo lazima virekebishwe siku hiyohiyo, la sivyo utabana breki na hakuna kitakachobana. Kisha shika usukani ukiwa umekaa: viwiko vilegee kidogo, mabega yashuke, na uweze kucheza vidole kama mpiga kinanda. Ukishindwa kuvicheza, uzito wako mwingi umelalia mikononi.

Upepo wa tairi ni nusu ya starehe, na hapa tunaukosea kwa kuzidisha. Mtu anajaza hadi tairi linalia kama ngoma, halafu analaumu barabara. Ubavuni mwa tairi kumeandikwa kiwango, na cha juu kabisa kilichoandikwa si lazima ukifikie. Kwa tairi nene la inchi 26 kwa 1.95, nami nina kilo 68, nyuma natia karibu baa 3, mbele pungufu kidogo. Ukipanda, tairi la nyuma livimbe kidogo tu pale linapogusa ardhi. Kama kinga yako ina valvu za zamani, zile zenye kimpira chembamba kama mrija kinachofunika tundu, jua kwamba kimpira hicho kinaoza kwa joto, na tairi litakuwa linapungua kila usiku bila msumari wowote. Tia mate kwenye ncha ya valvu usubiri. Kipovu kikitokea, badilisha kimpira, usihangaike kutafuta tundu. Mimi natembea na kipande cha ziada ndani ya pochi.

Mnyororo kwetu unauawa na vumbi. Ukimwaga oili nyingi, vumbi jekundu linaganda nayo, na unapata kitu kinachosaga chuma kama jiwe la kunolea. Miezi ya kiangazi pangusa kwa kitambaa kikavu kila Jumamosi, tone moja la oili nyepesi kwenye kila pini, zungusha, kisha pangusa tena hadi nje ibaki kavu. Oili chafu ya injini usiiguse. Kujua kama mnyororo umevutika, pima pini ishirini na tano mfululizo, kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya mwisho: mpya ni milimita 304.8. Ukifika 306.5, ubadilishe kabla haujala meno.

Pedali ya kushoto inafungwa kinyume cha nati zote unazozijua: kuifungua unazungusha upande ambao kwa kawaida ungekaza. Fundi mmoja kijana aliilazimisha yangu, akaharibu uzi wa mkono wa pedali, nikalipia mkono mzima. Sasa nasimama pale ninapotengenezewa.

Mzigo uende kwenye karia, usiwe mgongoni. Begi mgongoni linakulowesha jasho na linakandamiza mabega. Mimi nimefunga kikapu nyuma kwa kamba za mpira, ndani kuna koti la mvua, chakula cha mchana na viatu vya kufanyia kazi. Wanaouliza kuhusu kikwembe, yaani kitenge cha kujifunga: inawezekana, kwa fremu iliyoshuka na kava kamili ya mnyororo, mradi ukikunje upande na kukibana kwa pini kubwa, na gurudumu la nyuma liwe na wavu pembeni. Bila hivyo, vaa suruali chini.

Breki zijaribu kila asubuhi kabla ya geti. Mvua ikinyesha, kwa rimu za chuma zinazong'aa, breki karibu hazipo mizunguko ya kwanza ya gurudumu. Bana kidogo mapema, mara mbili tatu, kupangusa maji, halafu ndipo ubane kweli. Mwezi wa Juni jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, basi taa ya nyuma ni ya lazima, na koti la rangi nyepesi. Na angalia teksi-basi zinazokuja mbele yako: nyingi usukani wake uko kulia huku sisi tunaendesha kulia, hivyo dereva anayetaka kupita lori lazima atokeze karibu nusu ya gari ndipo aone. Atakapokuona wewe, ameshakuwa upande wako.

Baada ya wiki mbili za kurekebisha, nilichukua rangi nyekundu ya kucha, nikachora mstari kuzunguka mti wa kiti pale unapoingia kwenye bomba. Kijana wa yaya huja kila Jumapili kuazima kinga, na kila Jumapili anakishusha kiti. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi natoa spana kwenye kikapu, navuta hadi mstari uonekane, nakaza, natoka.